Somo la Mti wa Panda

Saida hakuwahi kukubali kwamba neno la Kiingereza linafundishwa kwa kuandikwa ubaoni na maana yake pembeni. Mwanafunzi analinakili, anapata vema yake, likizo ikiisha halijui tena. Yeye alifundisha kwa vitu. Alikuwa mwalimu wa stashahada katika shule moja binafsi ya Iyunga, Mbeya, mama wa binti mmoja, mtu asiyekuwa na muda wa kumbembeleza yeyote, na kikapu chake cha kazini kilibeba makorokoro mengi kuliko vitabu.

Somo lake lililojulikana zaidi lilizaliwa kutokana na hasira. Alisahihisha insha za kidato cha pili akakuta kila kitu kinafanya "support". Ukuta una-support, mto una-support, mjomba ana-support, nguzo ina-support. Kesho yake aliwatoa watoto wote nje. Aliwaonyesha mirunda iliyoshikilia zege bichi kwenye jengo la jirani, akawaambia kufanya hivyo ni "shore up", kwa sababu ikiondolewa kabla ya wakati, kitu kinashuka. Aliwaonyesha kipande cha nondo: hicho ni "reinforce", nguvu inaingia ndani na haionekani tena. Mbao za mshazari kwenye geti ni "brace". Mto nyuma ya mgonjwa aliyekwisha kukaa mwenyewe ni "bolster", kwa maana unamwongezea alichonacho tayari. Alimsimamisha mtoto mmoja mbele azungumze, mwingine akasimama nyuma yake. Huyo wa nyuma hasemi kitu, akasema Saida, lakini wa mbele akigeuka anamkuta. Hiyo ni "back".

Neno la mwisho, "prop up", alilihifadhia mti wa panda.

Mti huo, mrefu na wenye ncha mbili juu kama manati, ulikuwa uani kwake, ukitegemeza mgomba wenye mkungu. Machipukizi ya migomba ile mama yake aliyaleta kutoka Tukuyu Saida alipoolewa, na mti akauleta pamoja nayo, akisema migomba bila mti wa kuitegemeza ni kazi nusu. Panda yake ilikuwa imelainika kwa miaka ya kubeba. Saida aliwasimulia wanafunzi jinsi alivyokuwa mdogo akauchomoa mti huohuo ili aangulie maparachichi, na mgomba ukaanza kwenda chini. Mama yake hakumpiga. Alimweka bega chini ya mgomba, akamwambia asitoke hapo, akaenda zake dukani kwa mzee Ahmadi kuchukua chumvi na kupiga soga. Aliporudi, mtoto alikuwa analia, utomvu umemtiririkia kifuani, na hajaachia. Mama akarudisha mti mahali pake, akamfuta uso kwa khanga. "Sasa unajua mti huu unafanya kazi gani," akasema.

Hapo darasa zima lilikuwa likinyamaza. Kisha Saida aliongeza kwamba tangu siku hiyo hajala parachichi bila kuliomba ruhusa, nao wakacheka, na neno likabaki vichwani mwao.

Mama huyo alifariki miaka michache iliyopita. Regina alikuwepo mazishini, akipika.

Regina alikuwa mwalimu mwenzake. Baba yake alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga akaingia bonde la Usangu, na Regina akakulia karibu na Ubaruku, kati ya zizi na mashamba ya mpunga. Alipopata kazi Iyunga hakuwa na pa kufikia, Saida akampa chumba cha uani mpaka alipojipanga. Asmaa, binti wa Saida, alimwita mama mdogo. Likizo walikwenda wote Ubaruku, na mama yake Regina, mwanamke mrefu wa kicheko kikubwa, aliwapa maziwa ya mgando kwenye kibuyu na kumwita Saida mwanangu. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya Saida kwa jina la Mama Ubaruku.

Mwaka huu mwenye shule alitangaza kwamba sekondari inafungwa Desemba, abaki na msingi tu. Walimu wakaanza kuhangaika. Saida aliomba nafasi ya mkuu wa idara ya Kiingereza katika shule ya wasichana iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Iringa. Kazi ilikuja na nyumba ndani ya uzio, na mtoto wa mwalimu alisoma hapohapo. Asmaa alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Hakukuwa na nafasi nyingine ambayo ingewaweka mama na mtoto mahali pamoja, na Saida hakumficha mtu kwamba anaitaka.

Alipoitwa kwenye usaili, wa kwanza kumwambia alikuwa Regina. Alimwambia yote: kwamba watafundisha darasa la kweli mbele ya jopo, somo la msamiati, la kuchagua mwenyewe, na kwamba yeye angechukua nondo na mto kwenye begi na mti angeuchora ubaoni. Regina alimkumbatia. Alimwambia Mungu amtangulie.

Siku hizohizo Regina alimwomba mambo mawili. Kwanza, amfundishe lile somo lote tangu mwanzo, maana watoto wake wa kidato cha kwanza nao walikuwa wamezama kwenye "support". Walikaa uani jioni kadhaa, Regina akirudia na Saida akimrekebisha, mpaka na utani wa parachichi ukamtoka vizuri. Pili, aliomba kumwandika Saida kama mdhamini. Alisema anaomba chuo, akaongeze shahada.

Saida alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Andika tu," alisema.

Ndivyo walimu wanavyoishi. Jina la mwenzako unaliandika, la kwako analiandika, na hakuna anayeuliza karatasi inakwenda wapi. Saida mwenyewe hakukumbuka ni wangapi waliokuwa wakitembea na jina lake.

Alikwenda Iringa siku moja kabla, akalala kwa binamu yake Kihesa. Asubuhi kulikuwa na ule ubaridi wa Iringa unaopenya kwenye sweta. Alifika shuleni mapema, viatu vimepigwa rangi, begi begani. Karani alimpokea kwa adabu, akamwambia mmoja wao yuko ndani tayari anafundisha, mwalimu akae kwenye benchi, hawatachelewa.

Benchi lilikuwa chini ya dirisha la darasa. Saida alikaa, akafungua begi kuhakikisha nondo haijatoboa mto. Ndani sauti ya mwanamke ilikuwa ikieleza kwa Kiingereza kwamba mto hausimamishi mgonjwa, bali unamwongezea nguvu aliyonayo.

Mkono wa Saida ulibaki ndani ya begi.

Sauti ikaendelea. Ilimwita msichana mmoja asimame mbele na mwingine nyuma yake. Ikasema kwamba "back" ni kama mimi na rafiki yangu Saida: hayupo hapa leo, lakini nikigeuka najua yupo. Wasichana wakacheka kidogo. Kisha kikasikika kishindo cha mti kugonga sakafu ya saruji, na sauti ikashuka, kama vile Saida alivyoelekeza uani kwake ishuke mahali hapo, ili watoto wavutwe.

"My late mother," Regina akasema: marehemu mama yangu.

Alisimulia yote. Mgomba, bega, utomvu, machozi, khanga. Alibadilisha kitu kimoja tu, duka la mzee Ahmadi likawa mnada wa ng'ombe. Darasa lilinyamaza palepale linaponyamaza siku zote, na likacheka palepale kwenye parachichi.

Saida alisimama akachungulia. Hakuwa na shida ya kuitambua panda ile, iliyolainika na kuwa nyeusi kama mpini wa jembe la zamani. Mti wenyewe ndio uliomshangaza. Ulikuwa mfupi. Upande wa chini ulikuwa mweupe, umekatwa kwa msumeno hivi karibuni. Regina aliukata ili uingie kwenye buti la basi.

Walikutana mlangoni. Regina alitoka na mti kwapani, uso umemng'aa kwa jasho na furaha, na alipomwona Saida furaha ikamshuka, ingawa jasho lilibaki.

"Dada, usinitazame hivyo," alisema kwa sauti ya chini.

"Mama yako amekufa lini?"

Regina alitazama kule aliko karani. "Hadithi tu, dada. Wewe mwenyewe unasema watoto wanataka hadithi."

"Nimekuuliza lini."

"Shule inafungwa na kwangu pia," Regina akasema haraka. "Wewe una mume mwenye duka. Wewe ukikosa hapa utapata kwingine, kila mtu anajua unaweza. Mimi bila hili somo ni nani? Ningekwambia, ungenipa?"

Saida alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la kweli. Angempa somo jingine. Angekaa naye uani wakatengeneza la kwake, la ng'ombe na zizi, na lingekuwa zuri. Lakini hakumwambia. Aliitwa.

Darasa lilikuwa lilelile. Wasichana wa kidato cha pili walimtazama kwa uchangamfu uliobaki kutoka kwa aliyemtangulia. Jopo la watatu lilikaa nyuma. Saida alikuwa na nondo, mto na dakika zake, na kila alichokuwa nacho kilikuwa kimekwisha kutumika. Alijaribu kutafuta maneno mengine njiani kutoka mlangoni hadi ubaoni na hakuyapata. Alitoa nondo.

Msichana wa mbele, mwenye adabu zake, aliinua mkono. "Madam, hiyo tumefundishwa sasa hivi."

"Najua," Saida akasema. "Basi nifundisheni mimi."

Aliwauliza kila mmoja kwao wanategemeza nini, na kwa kitu gani. Mmoja akataja ua la mianzi la bibi yake huko Kalenga, mwingine kichanja cha mahindi, mwingine kaka yake aliyevunjika mguu. Kila walichotaja walikitafutia neno lake. Kwa siku ya kawaida lingekuwa somo zuri. Siku hiyo lilikuwa linachechemea. Alisahau jina la msichana aliyemuuliza sekunde chache nyuma, alirudia swali moja, na mara mbili alijikuta ametazama mahali kwenye sakafu ambapo mti uliacha vumbi la mbao. Kengele ilipogongwa alishukuru.

Ofisini, mkuu wa shule, mwalimu Liberatus Kalinga, alimkaribisha chai. Alikuwa mtu mzima mpole, anayesikiliza kwa kuinamisha kichwa. Alimuuliza habari za vyeti, za uzoefu, za familia. Kisha akafunga faili na kusema kuna jambo moja dogo, tena la kufurahisha. Mwenzake Regina alikuwa amemwandika yeye kama mdhamini. Si kawaida kwa watu wanaogombea nafasi moja, akasema, na imewagusa. Inaonyesha moyo.

Kwa hiyo chuo hakikuwepo. Saida aliweka kikombe chini polepole.

"Lile somo alilofundisha ni langu," alisema. "Na yule mama ni mama yangu."

Wale wawili wengine walitazamana. Mmoja, mwanamke mwenye miwani, akakohoa. Mwalimu Kalinga aliinamisha kichwa, akasema kwa upole uleule kwamba walimu wote wanaazimana masomo, yeye mwenyewe mpaka leo anatumia la mwalimu wake. Na kuhusu mama, kila mtu ana mama, na wengi wao walitegemeza migomba. Yule dada alisimulia mpaka mwenzao hapa akatoa leso. Usaili ni mgumu, akasema, mtu unaweza kusikia vibaya.

Saida alielewa anavyoonekana. Mtu wa pili kufundisha, aliyefundisha vibaya, anayedai cha mwenzake.

Simu ilikuwa mapajani mwake. Ilihitaji kubonyezwa tu: Mama Ubaruku, sauti kubwa, jopo lote lisikie. Yule mama angepokea kabla haijaita mara ya pili, maana simu aliifunga kiunoni kwenye pindo la khanga. Angepaza sauti kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto: mwanangu Saida, habari za Mbeya? Na Saida angemwambia nini? Nimekupigia ili watu hawa wasikie kwamba hujafa, maana Regina amekuua asubuhi hii. Angelazimika kuusikia ule ukimya wa upande wa pili, na baada yake hakuna maziwa ya mgando, hakuna mwanangu, na mama yule angelala na neno hilo kila siku iliyobaki.

Aligeuza simu kifudifudi.

"Basi niulize tu moja kwa moja," mwalimu Kalinga akasema. "Kama mdhamini wake. Anafaa?"

Hapo palikuwa na mlango mwingine, mwembamba. Angeweza kusema hafai. Lakini alikuwa amemsikia kwa masikio yake, kupitia dirishani, akilishika darasa lile kutoka mwanzo hadi mwisho, na Saida, katika maisha yake yote, hakuwahi kumnyima mtu alama aliyoipata.

"Darasani anafaa," alisema. "Nyumbani kwangu sitamfungulia mlango tena."

Mwalimu Kalinga aliandika. Kutoka alipokaa, Saida aliona ameandika mstari mmoja tu, naye alikuwa amesema sentensi mbili.

Alifika Mbeya kesho yake mchana. Idrisa, mume wake, alikuwa amemwachia mtu duka akarudi nyumbani kula, na kabla Saida hajavua viatu alianza kumweleza kwa wasiwasi kwamba uani kumeharibika kidogo. Regina alikuja juzi asubuhi, Saida alipokwisha kuondoka, akasema mama Asmaa amepiga simu, amesahau ule mti, aupeleke. Yeye akamsaidia kuuchomoa. Usiku ukaja upepo.

"Ulinipigia kuniuliza?" Saida akasema.

"Ni Regina, mama Asmaa. Ningeuliza nini?"

Hata Saida mwenyewe asingeuliza.

Mgomba ulikuwa chini. Ulivunjikia katikati, na mkungu ulijikita kwenye matope, ndizi changa, nyembamba, zisizofaa hata kwa kupika. Ulipoanguka ulikuwa umeusukuma mgomba wa pili, nao ulikuwa umeinama ukitetemeka, mizizi ya upande mmoja imeanza kuonekana. Huo mkungu wake ulikuwa umekaribia kukomaa.

Saida hakwenda kubadili nguo. Aliingia chini yake na gauni lake la usaili, akaweka bega, akasukuma mpaka aliposikia shina limekaa. Alimwita Asmaa, akamwambia akimbie kwa fundi seremala wa barabarani akaombe mti wenye panda, mrefu, na asilete uliooza.

"Ule wa bibi uko wapi?" Asmaa akauliza.

"Nenda kwanza."

Mtoto akaenda. Utomvu ulianza kushuka shingoni, wa baridi, ukaingia kwenye kola. Idrisa alisimama mlangoni na sahani yake mkononi, akauliza kama ashike yeye. Saida akamwambia ale, chakula kitapoa. Hakutaka mtu mwingine ashike.

Simu ililia mfukoni. Aliitoa kwa mkono ulio huru, akidhani ni Iringa. Ilikuwa Mama Ubaruku.

"Mwanangu Saida!" Sauti ilijaa ua mzima. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia. Regina amepata kazi, yule mama akasema, wamempigia sasa hivi, na nyumba juu yake, ndani ya uzio. Na Regina amemwambia mwenyewe, bila Saida isingewezekana, Saida ndiye aliyemfundisha, Saida ndiye aliyemsemea kwa wakubwa. Yeye hajui kushukuru kwa maneno. Kuna gunia la mchele mpya linapanda gari kesho, na samli, na Asmaa aje likizo anywe maziwa.

Saida alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Bega lilikuwa limeanza kuwaka moto palepale lilipowaka utotoni.

"Hongera, mama," alisema.

"Mbona sauti yako ndogo? Unaumwa?"

"Nimebeba kitu. Mama, wewe u mzima?"

"Mzima kabisa. Kwa nini unauliza?"

Barabarani Asmaa alikuwa anarudi, anaburuta mti. Kwa mbali tu Saida aliona kwamba haufiki.

"Basi tu," alisema. "Nilitaka kukusikia ukisema mwenyewe."

Alikata simu, akairudisha mfukoni. Kisha akamwambia mtoto arudi kwa fundi, akaombe mrefu zaidi, yeye atasubiri.